Pikipiki Iliyokaa Eda

Majuzi niliingia duka la vipuri mtaa wa Msimbazi kutafuta chaja ya betri. Mwanangu amesafiri kwa muda mrefu, ameniachia pikipiki yake barazani imefunikwa turubai, na mimi si mtu wa kuacha kitu kife mikononi mwangu. Kijana wa dukani akaniamkia, nikamwitikia, akapanga maboksi matatu juu ya kaunta. "Mama, unataka ya kujaza au ya kutunza?" Nikacheka mpaka akadhani namcheka yeye. Akainua betri moja kuukuu iliyokuwa miguuni pake ili anionyeshe kitu, akaifungua kifuniko, na ile harufu ikapanda. Ni harufu inayochoma pua, kama siki iliyomwagikia msumari wenye kutu. Nikashika kaunta. Wenzangu mliokulia mjini miaka ile ya foleni na vibali mnaijua. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya mama yangu akiwa edani.

Tulikaa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita, korido katikati, mbele baraza, nyuma ua. Baba alikuwa akisambaza maandazi ya mama. Alfajiri mama anakaanga, baba anapakia vikapu kwenye keria ya pikipiki, na jua linapochomoza yeye yuko mtaa wa Gerezani kwenye kantini za karakana, halafu anazunguka mpaka Buguruni. Mikono ya mama na magurudumu ya baba, tulikuwa tukila hapo. Kisha baba akashikwa na homa, akalala siku chache tu, akafa. Homa yenyewe sitaki kuieleza. Namkumbuka akiwa mzima, na inatosha.

Baada ya mazishi mama akaingia edani. Kwa asiyejua, ni ile miezi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani baada ya mumewe kufariki. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajifukizi udi, hakai na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Mama alivaa nguo nyeupe. Siku hiyohiyo akaomba pikipiki isukumwe mwisho wa korido na ifunikwe shuka nyeupe isiingie vumbi. Nilimuuliza jirani yetu wa chumba cha pili kwa nini mama hatoki tena nje, naye akanijibu kwamba anayeachwa na marehemu ndiye anayekaa eda. Nikaitazama ile shuka nyeupe mwisho wa korido, nikaelewa kila kitu. Nani aliachwa na baba kuliko pikipiki? Alikuwa nayo tangu alfajiri mpaka adhuhuri, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo walikuwa wawili edani, na mlinzi wao alikuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa kujiamini sana, sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Shida ililetwa na Baba Mkubwa, kaka yake baba. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alikuwa mtu wa kujua kila kitu, kuanzia namna ya kupika pilau mpaka namna ya kuendesha nchi, na watu wa namna hiyo huwa wanachosha hata wakiwa na nia njema. Wazee wa ukoo walipokaa kuzungumza mambo ya marehemu, mama akiwa chumbani nyuma ya pazia, yeye ndiye aliyeanza.

"Shemeji, pikipiki ikikaa inakufa. Niachie mimi, nitaitumia."

"Hapana, shemeji," mama akajibu kutoka ndani. "Mimi ninayo kazi nayo."

"Kazi gani? Atapanda nani?"

"Eda ikiisha utamwona."

Wakabishana kidogo, kwa adabu, namna watu wanavyobishana msibani. Mwisho mzee mmoja akatoa uamuzi na wenzake wakaukubali. Pikipiki ikae palepale. Siku Mama Zuhura atakapotoka eda, ikiwaka ni yake yeye na binti yake. Isipowaka itakuwa chuma tu, na Baba Mkubwa aichukue akahangaike nayo. Zuhura ni mimi. Nilikuwa nimekaa mlangoni na nilisikia kila neno, na hata kwa akili yangu ile ndogo nilijua kwamba pikipiki ikiondoka, maandazi yatakaangwa na hayatafika popote.

Na pikipiki ile ilikuwa na tabia yake. Nyingine za wakati huo ziliwaka kwa kiki hata kama betri imekufa. Yetu bila betri haikutoa hata cheche moja. Betri mpya ndiyo hivyo tena, unaisubiri kwa kibali, na kibali chenyewe nacho unakisubiri. Riziki yetu yote ilikuwa kwenye kisanduku cheusi kisichozidi mkate wa boflo.

Mama akanifundisha kukifungua, akisimama pembeni yangu na kunielekeza. Waya huu kwanza, ule baadaye, usiilaze, usijipanguse macho. Akachukua kiglobu cha taa ya nyuma akakigusisha kwenye betri. Kikawaka manjano, kichovu.

"Ina njaa," akasema. "Betri ikikaa bure inajila yenyewe."

Mara ya kwanza tulifanya walivyofanya wote. Nikaibeba kwenye kikapu, imesimama wima, kwa uangalifu mkubwa mpaka shingo ikaniuma, nikaipeleka gereji moja kule Gerezani. Pale betri za malori zilikuwa zimepangwa sakafuni mstari mrefu, zimeunganishwa kwa waya mnene, zinatokota. Fundi wa zamu akaitupia yetu jicho, akaiunga mwishoni mwa mstari, akaniambia nirudi jioni. Niliporudi nikaikuta ya moto, kikapu kikawa cha moto, paja langu likawa la moto njia nzima. Nilifurahi. Niliona imeshiba kweli.

Mama akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka. Akafungua vifuniko vyake vitatu vya juu, akachungulia. Maji yalikuwa yameshuka mpaka vyuma vya ndani vimeonekana vichwa.

"Hii haikujazwa," akasema. "Imekaangwa. Juu imeiva, ndani mbichi."

Alikuwa mtu wa maandazi, na moto mkali aliujua. Akasema ikienda Gerezani mara mbili tatu nyingine, siku ya kutoka eda tutakuwa na kopo la matope. Mvua ilikuwa ikinyesha siku hizo. Akanituma nikinge bakuli katikati ya ua, mbali na bati, maana maji ya betri ya dukani hayakuwapo na ya bomba yana chumvi. Nikasimama na bakuli langu nalowa, huku wapangaji wakiuliza mtoto yule ana nini.

Habari zikamfikia Baba Mkubwa kwamba betri ina matatizo. Akaja na chaja. Alikuwa ameinunua kwa Mangi mmoja, Mchaga mwenye duka la vifaa mtaa wa pili, na sijui huyo naye aliipata wapi, maana vitu kama vile havikuonekana dukani. Ilikuwa ya bati la kijani linalong'aa, ina mpini wa kubebea, ina taa nyekundu, ina kidirisha cha kioo chenye mshale ndani unaocheza. Niliipenda papo hapo. Nilitamani kulala nayo.

"Hii, shemeji, saa moja tu betri imejaa pomoni," akasema Baba Mkubwa kutoka koridoni.

Mama akaniita. "Zuhura, nisomee palipoandikwa namba. Kule kwenye ampea. Ndogo kuliko zote ni ipi?"

Nikamsomea.

"Mwambie Baba Mkubwa asante sana, Mungu amzidishie. Lakini hii ni ya lori. Hata ukiiweka pale pa chini kabisa bado ni ya lori."

"Shemeji, kubwa inafanya kazi ya ndogo!"

"Inafanya haraka. Halafu ikishajaza haijui kuacha, inaendelea tu kusukuma. Sitaki ya kujaza, shemeji. Nataka ya kutunza."

Baba Mkubwa hakuwahi kusikia tofauti hiyo, na kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwake hakikuwepo. Akabeba chaja yake kwa ule mpini mzuri. Mlangoni akageuka. "Basi ikifa, msinitafute." Nilimchukia mama siku ile. Niliona ametuvunjia bahati kwa ubishi, na nilimwambia hivyo.

Kesho yake akanituma kumwita Fundi Sudi. Huyu alikuwa akitengeneza redio kwenye kibanda upenuni mwa nyumba ya jirani, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, anayependa kusema kwamba Dar nzima hakuna redio isiyomjua. Kwa kuwa mama alikuwa edani, fundi alikaa nje barazani, chini ya dirisha. Mama alikaa ndani, nyuma ya pazia la dirisha hilohilo. Mimi nikawekwa mlangoni niwe mjumbe. Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini heshima ni heshima.

"Mwambie mama yako shikamoo yangu imfikie, ingawa sisi ni rika," akasema fundi.

"Mama, Fundi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nataka kitu cha kuinywesha betri polepole. Naiacha nayo mchana kutwa, haitokoti, haipati moto."

"Fundi, mama anasema..."

"Nimesikia, mwanangu. Mwambie inawezekana, kwa Sudi hakuna kisichowezekana. Lakini polepole ya nini? Naweza kumtengenezea ya haraka, mpaka majirani waje kuuliza."

Pazia likatikisika kidogo.

"Muulize nani kamwambia nina haraka. Mimi nimekaa hapa, siendi popote. Na betri nayo haiendi popote. Atutengenezee ya watu wasioenda popote."

Fundi akacheka, akapiga goti lake. Nilipomrudishia maneno yale neno kwa neno, maana kazi ni kazi, akacheka tena.

Alichotuletea kilikuwa aibu tupu. Kopo la maziwa ya unga, limetobolewa matundu ubavuni ili lipumue. Ndani yake transfoma ya redio iliyokwisha kufa. Juu yake, imechomoza kama kitovu, globu ndogo. Waya mbili zikatoka, moja ameifunga kitambaa chekundu. Fundi akaeleza, kupitia kwangu, kwamba umeme wote unapita kwenye globu kwanza, na globu ile haina uwezo wa kupitisha mwingi hata ungeupigia magoti. Mama akauliza mambo mawili matatu. Akaomba chombo kiwashwe palepale barazani, akanituma nikishike nione kama kina joto. Kilikuwa vuguvugu. "Ndiyo hiki," akasema. Hakukitazama sura hata kidogo.

Tukaiweka betri juu ya ubao koridoni, karibu na pikipiki yake, na kopo kando. Likawa linavuma chini kwa chini, mvumo mwembamba ambao ukiusahau unauhisi kwenye meno. Globu ikawaka nyeupe. Baada ya muda mrefu nikaona inafifia. Ikawa ya manjano, ikawa nyekundu, ikabaki kama kaa linalozimika. Nikakimbia chumbani napiga kelele kwamba inakufa.

"Haifi," mama akasema. "Imeshiba. Mwenye njaa ndiye anayevuta sana. Nenda kachomoe."

Kila Ijumaa ikawa hivyo. Umeme ukikatika, tunasubiri Jumamosi. Ninachomeka, globu inawaka, mama anakaa kwenye mkeka mlangoni mwa chumba chake akichambua mchele au akisoma, akiitupia jicho. Inafifia, ninachomoa. Anafungua vifuniko, anachungulia maji, anaongeza tone la mvua kama limepungua. Alinukia asidi kidogo vidoleni, yeye ambaye zamani alinukia hiliki na udi. Wageni waliokuja kumpa pole walilitazama kopo wakadhani ni redio mbovu, wakamwonea huruma zaidi. Naye hakuwaeleza. Nilianza kumwamini bila kumwambia.

Ijumaa moja, mama akiwa anasali chumbani, Baba Mkubwa akaingia na kijana wa gereji. Akaenda moja kwa moja mwisho wa korido, akaivua pikipiki shuka.

"Tunaipeleka tu ikaguliwe," akaniambia. "Itarudi leo leo. Sogea, mwanangu."

Sikusogea. Nilipanda juu ya kiti cha pikipiki nikashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Haitoki."

"Kwa nini haitoki?"

"Iko edani. Na eda haijaisha. Ukiitoa ni dhambi, na dhambi ni yako wewe, si yangu."

Nilisema kwa sauti, maana nilikuwa na uhakika. Barazani walikuwa wamekaa wazee waliotoka msikitini, wanakunywa kahawa. Mmoja akapaliwa. Mwingine akapaza sauti, "Bwana wee, eda ya watu utaivunja mchana kweupe?" na baraza zima likalipuka. Yule kijana wa gereji akaegemea ukuta, hajiwezi. Baba Mkubwa akanitazama, akaitazama pikipiki, akaitazama ile shuka nyeupe mkononi mwake. Nadhani aliiona kama nilivyokuwa nikiiona mimi. Akaifunika tena taratibu, akavuta pembe zikae sawa, akaenda zake.

Mama alikuwa amesikia. Nilimkuta kwenye mswala, kamaliza sala, anacheka huku kashika ubavu. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

"Nani kakwambia pikipiki iko edani?"

"Nimeona mwenyewe."

Akanivuta, akanibusu kichwani. "Basi endelea kulinda." Hakunisahihisha, na miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba ningepaswa kusahihishwa.

Siku ya kutoka ikafika. Mama akaoga, akajifukiza udi mpaka nyumba nzima ikajua, akavaa gauni jipya na kanga. Baba Mkubwa akaja asubuhi mapema. Alikuwa mtu wa haki, nimesema. Alikuja na mkokoteni na kijana wa kuusukuma, tayari kuondoka na chuma chake, na mkononi kashika chupa ya petroli, ambayo kuipata siku zile ilikuwa kazi kweli. Wazee walewale wakajaa barazani. Pikipiki ikasukumwa mpaka mtaani, vumbi limefutwa, petroli ikamiminwa kwenye tangi, na mama mwenyewe akainama akaunga betri. Waya huu kwanza, ule baadaye.

"Nipige mimi," akasema Baba Mkubwa, "asije mtu akasema nimeonea."

Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, kwa nguvu. Kimya. Kijana wa mkokoteni akasogeza mkokoteni wake karibu. Akapiga mara nyingine, mpaka kofia ikamwanguka. Kimya tu. Nikalifikiria lile kopo baya, nikaifikiria ile chaja ya kijani yenye mshale, nikamgeukia mama nikiwa tayari kulia.

Mama alikuwa ametulia kabisa.

"Shemeji," akasema, "hujafungua koki ya mafuta."

Baba Mkubwa akainama akaifungua, akasubiri kidogo. Akapiga. Ikawaka. Moshi wa bluu ukatoka kwa kishindo, kuku wakatawanyika, wazee wakasimama. Ilikuwa inaunguruma pale mbele ya nyumba kama vile baba ameingia ndani mara moja kunywa maji. Baba Mkubwa akajifuta jasho kwa kofia, akatikisa kichwa, akacheka. "Haya. Ni yenu. Sasa huyo dereva yuko wapi?"

Mama akaingia ndani, akatoka na vikapu viwili vya maandazi, akavifunga kwenye keria huku na huku. Alikuwa amekaanga tangu alfajiri. Akajifunga kanga kiunoni, akapandisha gauni kidogo, na chini yake alikuwa amevaa suruali ya baba aliyoipunguza kwa sindano. Akapanda. Akakamata klachi kama mtu anayekamata mwiko wake wa kila siku.

"Shemeji!" Baba Mkubwa akapaza sauti. "Nani kakufundisha?"

"Mdogo wako. Jumapili, uwanja wa Jangwani, nyie mkiwa mpirani." Kisha akanigeukia. "Zuhura, panda."

Nikapanda nyuma, kati ya vikapu, nikamkumbatia kiunoni. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mtu mmoja alisema kitu kibaya na mwingine akamnyamazisha. Mama hakugeuza shingo. Aliendesha vizuri, polepole, akakunja kona ya Msimbazi kama mwenye barabara, na mimi nilikaa wima nyuma yake, najisikia mkubwa kuliko mji. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mwili wake ulikuwa unatetemeka, mgongo wote, mpaka kifua changu nacho kikawa kinatetemeka. Injini ya baba ina nguvu, nikasema moyoni.

Tukafika Gerezani, kwenye geti la karakana ambako baba alizoea kuanzia. Mama akasimamisha, akazungusha ufunguo, injini ikazima.

Mgongo wake ukaendelea kutetemeka. Nikabaki nimemkumbatia hivyohivyo, maandazi yanapoa, mpaka alipokuwa tayari kushuka.